Kompyuta ya Linux Inapogoma Kuwaka Baada ya Kupandishwa Toleo

Kompyuta ya Linux inayogoma kuwaka baada ya kupandishwa toleo, mara nyingi huwa haijapoteza chochote cha mwenyewe. Picha, hesabu za duka, tasnifu ya mwanafunzi, kumbukumbu za ofisi, vyote bado vimo kwenye diski kama vilivyokuwa jana. Kilichokatika ni njia ya kuvifikia. Jambo hili linastahili kutangulia mengine yote, kwa sababu hasara kubwa katika visa vya namna hii huletwa na haraka ya mtengenezaji kuliko toleo lenyewe. Mafundi wengi wa mitaani wamezoea kupiga Windows upya kila kompyuta inapoleta shida. Mazoea hayo huhamia kwenye Linux, ambako hitilafu nyingi za kuwaka hurekebishika papo hapo bila kufuta hata faili moja.

Kuwaka kwa Linux ni kazi ya kupokezana. Umeme unapoingia, programu iliyomo kwenye mazabodi, ya zamani ikiitwa BIOS na ya sasa UEFI, hukagua vifaa na kutafuta pa kuanzia. Hiyo humkabidhi GRUB, programu ndogo yenye menyu ya kuchagua mfumo. GRUB hupakia kerneli, yaani kiini cha Linux, na pamoja nayo faili liitwalo initramfs. Faili hili ni mfumo mdogo wa muda unaokaa kwenye RAM, na ndani yake zimo draiva na zana ambazo kerneli inazihitaji ili kuifikia diski yenye mfumo kamili, hasa diski hiyo ikiwa imefungwa kwa nywila au imepangwa kwa LVM, mfumo wa kugawa nafasi ya diski. Diski ikishapatikana, usukani huchukuliwa na systemd, mchakato namba 1, ambao huunganisha sehemu zote za diski, huwasha huduma mbalimbali, na mwishowe huleta ukurasa wa kuingilia. Debian na Ubuntu zilianza kuitumia systemd kama chaguo la kawaida mwezi mmoja, Aprili 2015, Debian kwa toleo la 8 na Ubuntu kwa toleo la 15.04.

Kupandisha toleo huwagusa wapokezanaji hao wote kwa mkupuo mmoja. Kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, au Debian 12 kwenda 13, kerneli hubadilika, initramfs hujengwa upya, GRUB huandikwa upya, systemd hupanda, na draiva za nje, kama zile za kadi za NVIDIA, hulazimika kutengenezwa upya ili ziendane na kerneli mpya. Mmoja akiteleza, wa mbele yake hapati cha kupokea. Ndiyo maana uchunguzi huanza na swali moja: kompyuta imefika wapi kabla ya kusimama? Jibu lake karibu kila mara huwa limeandikwa kwenye skrini.

Dalili ya kukwama katika hatua ya kwanza ni nembo ya mtengenezaji ikifuatiwa na ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia, au kompyuta kuingia Windows moja kwa moja kana kwamba Linux haijawahi kuwepo. Kwenye UEFI, orodha ya mifumo ya kuwasha hukaa ndani ya kumbukumbu ndogo ya mazabodi, wala haikai kwenye diski. Orodha hiyo inaweza kupangwa upya na sasisho la Windows au sasisho la programu ya mazabodi yenyewe. Betri ya mazabodi iliyokufa nayo hurudisha mipangilio ya kiwandani, jambo la kawaida kwenye kompyuta za mtumba ambazo watu wengi Afrika Mashariki wanazitumia. Katika hali hii hakuna cha kutengeneza upande wa Linux. Huingiwa kwenye mipangilio ya mazabodi kwa kitufe cha F2, F10 au Delete kutegemea aina ya kompyuta, kisha Linux hurudishwa juu ya orodha.

Hatua hiyohiyo ya kwanza ina mlinzi wake, Secure Boot, ambaye kazi yake ni kukataa programu yoyote ya kuwasha isiyo na saini inayotambulika. Mlinzi huyu ndiye aliyeleta kisa cha Agosti 2024, ambacho kinafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu kiliwapata watu ambao hawakuigusa Linux yao kabisa. Tarehe 13 ya mwezi huo Microsoft ilitoa sasisho la Windows lililozuia matoleo ya GRUB yenye udhaifu wa kiusalama uliojulikana tangu 2022. Sasisho lilikusudiwa kuziruka kompyuta zenye mifumo miwili, Windows na Linux. Halikuziruka zote. Watu waliowasha Linux siku zilizofuata walikuta maandishi mafupi kwenye skrini nyeusi yakitaja SBAT na kumalizia na maneno "Security Policy Violation", kisha kompyuta ikajizima. SBAT ni orodha inayohifadhiwa ndani ya mazabodi, ikieleza ni vizazi vipi vya programu za kuwasha visivyoaminika tena. Tiba ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kuwasha Linux, kuandika amri ya "sudo mokutil --set-sbat-policy delete", kuwasha upya ili amri ifanye kazi, kusasisha GRUB na mwenzake shim, programu ndogo yenye saini inayoitangulia, kisha kuirudisha Secure Boot mahali pake. Aliyefuta diski yake wiki ile alifuta bure.

Hatua ya pili ni ya GRUB yenyewe. Skrini ikionyesha maneno "grub rescue" na kishale kinachopepesa, maana yake GRUB imeamka nusu. Kwenye kompyuta za BIOS, programu hii ina vipande viwili: kichwa, kinachoandikwa mwanzoni kabisa mwa diski, na kiwiliwili, kinachokaa kwenye folda ya /boot/grub. Vyote viwili lazima viwe vya toleo moja. Julai 2020 kampuni ya Eclypsium ilitangaza udhaifu ndani ya GRUB ulioitwa BootHole, na marekebisho yakasambazwa kwa haraka na karibu wote wanaotengeneza Linux. Baadhi ya kompyuta za Debian na Ubuntu zikasimama zikilalamika kwamba kitu kiitwacho grub_calloc hakikupatikana. Chanzo kilikuwa diski mbili. Mtu alikuwa amehamisha mfumo wake kutoka diski ya zamani kwenda mpya, lakini kompyuta ilikuwa imesajili diski isiyo sahihi kama ndiyo ya kuwashia. Sasisho likaandika kichwa kipya kwenye diski ambayo haiwashwi, na kichwa cha zamani kikakutana na kiwiliwili kipya. Siku zilezile, seva na kompyuta za RHEL, Linux ya kampuni ya Red Hat, na CentOS za matoleo ya 7 na 8 zilizopokea marekebisho hayo zilishindwa kuwaka kwa sababu nyingine, kosa ndani ya programu ya shim, na Red Hat ikalazimika kuwashauri wateja wake waliokuwa hawajasasisha wasubiri. Agosti 2022 watumiaji wa Arch Linux na mifumo iliyotokana nayo walipata msukosuko unaofanana na ule wa vipande viwili: faili la mipangilio lilitengenezwa na GRUB mpya huku iliyosakinishwa kwenye sehemu ya kuwashia ikiwa bado ya zamani. Tiba ya visa vya vipande kutolingana ni moja, kusakinisha GRUB upya, na namna ya kuifanya inaelezwa mbele.

Lipo pia badiliko dogo la GRUB linalowatia watu hofu bure. Kuanzia toleo la 2.06, lililotoka 2021, GRUB iliacha kutafuta mifumo mingine kwenye diski bila kuombwa. Aliyepanda kwenda Ubuntu 22.04 akaona Windows imetoweka kwenye menyu alidhani imefutwa, kumbe ipo palepale. Mstari wa "GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false" ukiongezwa kwenye faili la /etc/default/grub na amri ya "sudo update-grub" ikifuata, Windows hurudi kwenye orodha.

GRUB ikiwa nzima, inageuka kuwa chombo bora kuliko vyote cha uchunguzi. Menyu yake ikifichwa, huitwa kwa kushikilia kitufe cha Shift kwenye kompyuta za BIOS, au kwa kugusa Esc kwenye za UEFI, mara tu baada ya nembo ya mtengenezaji. Kishale kikiwa juu ya jina la mfumo, herufi e hufungua maelekezo ya kuwasha. Kwenye mstari unaoanza na neno linux, maneno ya mwisho kwa kawaida huwa "quiet" na "splash", na haya ndiyo yanayofunika ujumbe wa kompyuta kwa nembo ya kupendeza. Yakifutwa, na Ctrl na X zikibonyezwa kwa pamoja, kompyuta huwaka ikitaja kila inachofanya. Badiliko hilo ni la mara hiyo moja tu wala haliandikwi kwenye diski, kwa hiyo hata asiye fundi anaweza kulifanya bila wasiwasi. Pale maandishi yanaposimama, simu ipige picha. Mstari wa kwanza wenye neno error au failed una thamani kuliko maelezo yote ya baadaye ya mwenye kompyuta.

Menyu hiyohiyo ina mlango wa dharura ambao wengi hawaufungui kamwe. Chini ya "Advanced options" zimeorodheshwa kerneli zote zilizomo, mpya na za zamani. Toleo jipya linapowekwa, kerneli ya jana haiondolewi papo hapo. Fedora huhifadhi tatu kwa desturi na kuongeza moja ya uokoaji. Kerneli ya zamani ikiwaka bila tatizo, uchunguzi umepungua ghafla: diski ni nzima, mafaili ni mazima, na kosa limo ndani ya kerneli mpya au initramfs yake. Mwenyewe anaweza kuendelea na kazi zake siku hiyo na kutengeneza akiwa ametulia.

Kosa linalojitokeza mara nyingi katika hatua hii ya kerneli na initramfs ni sehemu ya /boot kujaa, na linastahili kufahamika vizuri kwa kuwa huanza miezi kabla ya siku ya kupandisha. Mfumo unaposakinishwa na diski yake ikafungwa kwa nywila, folda ya /boot hutengewa patisheni yake ndogo. Kwenye mifumo iliyowekwa miaka ya nyuma, patisheni hiyo mara nyingi ilikuwa chini ya gigabaiti 1. Wakati huo ilitosha. Tangu hapo faili la initramfs limekuwa likinenepa, na leo moja tu linaweza kuzidi megabaiti 100. Kerneli tatu au nne zikirundikana, nafasi kwisha. Siku ya kupandisha toleo, kerneli mpya inaandikwa, initramfs yake inaanza kuandikwa, kisha linatokea neno "No space left on device" katikati ya maelfu ya mistari inayopita kwa kasi. Hakuna anayeliona. Kazi inaonekana imeisha, kompyuta inawashwa upya, na kwenye skrini yanatokea maneno "Kernel panic" yakifuatiwa na "Unable to mount root fs". Kerneli imeamka bila mfuko wake wa zana, haioni diski, na haina la kufanya ila kusimama.

Tiba yake haina ufundi mkubwa. Kerneli ya zamani huchaguliwa kwenye menyu, na mfumo ukishawaka, amri ya "df -h /boot" huonyesha kama nafasi imekwisha kweli. Amri ya "sudo apt autoremove --purge" huondoa kerneli zisizohitajika tena. Wakati mwingine apt yenyewe hukataa kufanya kazi kwa sababu upandishaji umeachwa nusu. Hapo ndipo hulazimu kufuta kwa mkono faili moja la initrd la kerneli ya zamani kabisa, baada ya kuhakikisha kwa amri ya "uname -r" kwamba kerneli hiyo siyo inayotumika wakati huo. Nafasi ikipatikana, "sudo dpkg --configure -a" humalizia kilichoachwa, "sudo update-initramfs -c -k all" hujenga mafaili yaliyokosekana, na "sudo update-grub" huandika menyu upya. Mpangilio huo usivurugwe. Anayeanza na update-grub anaandika menyu inayoelekeza kwenye faili ambalo bado halipo.

Sababu nyingine, na hii inaeleweka vizuri katika miji na vijiji ambavyo umeme hukatika bila taarifa, ni upandishaji kukatizwa njiani. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika palepale. Laptopu yenye betri iliyochoka hufuata dakika chache baadaye. Vifurushi vya programu vinabaki katika hali tatu tofauti: vilivyokamilika, vilivyofunguliwa bila kupangwa, na vile ambavyo havijaguswa. Mfumo wa namna hii mara nyingi huwaka hadi kwenye skrini ya maandishi, au huwaka kupitia "recovery mode" iliyomo kwenye menyu ya GRUB. Amri za kumalizia kazi ni "dpkg --configure -a", kisha "apt --fix-broken install", kisha "apt full-upgrade". Zinaweza kuhitaji kurudiwa zaidi ya mara moja, na hilo lisimkatishe mtu tamaa. Kila zinaporudiwa vifurushi vichache zaidi hukaa sawa.

Umeme ukikatika ghafla huacha alama nyingine kwenye mpangilio wa diski wenyewe. Kompyuta husimama kwenye neno initramfs lililo ndani ya mabano, na mistari michache juu yake panaandikwa kwamba fsck iendeshwe kwa mkono. Herufi hizo nne, f, s, c na k, ni jina la programu inayokagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili. Ujumbe wenyewe hutaja patisheni husika, kwa mfano /dev/sda2, na amri ni "fsck -y /dev/sda2", kisha "exit". Masharti mawili yaambatane na amri hii. Isiendeshwe kamwe kwenye patisheni inayotumika wakati huo, kwani hapo huharibu badala ya kutengeneza. Na ikiwa kuna shaka kwamba diski yenyewe inakufa, labda kwa sababu inagonga, au maandishi ya kerneli yanataja "I/O error" mara kwa mara, kazi ya kwanza ni kutoa nakala ya mafaili kabla ya kurekebisha kitu. Kupandisha toleo huandika maelfu ya mafaili kwa saa moja au mbili, na diski iliyokuwa ikijikongoja kimya kimya huangukia hapo. Amri ya "smartctl -a" husoma kumbukumbu ya afya ya diski na kumaliza ubishi. Fsck hutumika kwa mipangilio ya ext4. Mpangilio wa XFS una zana yake, xfs_repair, na wa Btrfs usiguswe kwa amri ya kurekebisha bila kusoma kwanza maelekezo yake.

Skrini hiyohiyo ya initramfs inaweza kusema jambo tofauti: kwamba UUID fulani haipo. UUID ni namba ndefu ya utambulisho wa kila patisheni. Ujumbe huu una maana mbili zinazowezekana. Ama initramfs imejengwa bila draiva ya kuiona diski, na tiba ni kuijenga upya. Ama namba imebadilika kweli, kwa mfano patisheni iliumbwa upya, na tiba ni kuisahihisha. Amri ya "blkid" huorodhesha namba za kweli, na hapo ulinganisho hutoa jibu.

Hatua ya systemd ina kosa moja maarufu, na jina la kosa hilo ni fstab. Faili la /etc/fstab huorodhesha patisheni zote zinazopaswa kuunganishwa wakati wa kuwaka. Systemd huichukulia kila iliyoorodheshwa kuwa ya lazima isipoambiwa vinginevyo, na huisubiri kwa sekunde 90 kabla ya kukata tamaa na kuingia "emergency mode". Mtu anayekuta kompyuta yake imeganda kwa dakika moja na nusu, kisha ikaomba nywila ya root, ana sababu nzuri ya kulitilia shaka faili hili. Chanzo huwa diski ya nje iliyoondolewa, patisheni ya Windows iliyoachwa katika usingizi nusu, au folda ya seva ambayo mtandao wake haujawaka. Historia yake ni ndefu. Debian 6, iliyotoka Februari 2011, ilikuja na kerneli iliyobadilisha majina ya diski nyingi kutoka hda kwenda sda, na mafaili ya fstab yaliyoandikwa kwa majina ya zamani yakawa yanaelekeza pasipo na kitu. Tangu hapo UUID zimekuwa ndiyo desturi, na anayeendelea kuandika /dev/sda kwenye fstab anajitegea mtego. Tiba ni kuingia, kufungua faili kwa "nano /etc/fstab", kuweka alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari unaosumbua, au kuongeza neno nofail kwenye patisheni ambayo si ya lazima.

Kwenye Ubuntu, na kwenye Debian iliyosakinishwa bila nywila ya root, mlango huo wa dharura hukataa kufunguka, ukieleza kwamba akaunti ya root imefungwa. Hapo hurudiwa kwenye menyu ya GRUB, herufi e, na kwenye mstari wa linux huongezwa "init=/bin/bash". Kompyuta huwaka moja kwa moja kwenye mstari wa amri bila kuuliza nywila. Diski huwa katika hali ya kusomwa tu, kwa hiyo "mount -o remount,rw /" hutangulia kabla ya kuhariri chochote.

Skrini nyeusi baada ya nembo zote kupita ni suala la kadi ya picha, na kwa kawaida mfumo wenyewe umeshawaka nyuma yake. Ctrl, Alt na F3 zikibonyezwa pamoja zikaleta ukurasa wa maandishi wa kuingilia, hilo limethibitika. Neno "nomodeset" likiongezwa kwenye mstari wa linux wa GRUB, picha hurudi kwa ubora wa chini, na draiva ya NVIDIA inaweza kuondolewa na kuwekwa tena. Penye Secure Boot, usakinishaji wa draiva hii huomba nywila ya muda, na uwashaji unaofuata huleta ukurasa wa bluu wa kusajili ufunguo. Wengi huuruka ukurasa huo wakidhani ni hitilafu, na draiva inabaki bila kuaminiwa.

Lipo kosa moja ambalo halina tiba ya amri, nalo ni prosesa iliyopitwa na wakati. RHEL 9, ya Mei 2022, na ndugu zake kama AlmaLinux 9 na Rocky Linux 9, zinadai prosesa ya daraja la x86-64-v2, na RHEL 10 ya 2025 imepandisha sharti hadi v3. Prosesa isipofikia, skrini husema wazi, "CPU does not support x86-64-v2", kisha kerneli inaanguka. Debian 13 nayo haitoi tena kerneli wala kisakinishi cha prosesa za biti 32. Kwa nchi ambazo kompyuta ya miaka 15 bado ni mali inayofanya kazi shuleni na ofisini, masharti haya yana uzito. Yasomwe kabla. Mashine isiyofikia v3 inaweza kuhudumiwa vizuri na Debian ya biti 64, ambayo haijaweka sharti hilo.

Yote hayo yakishindikana, au GRUB ikiwa ndiyo iliyoharibika, hubaki flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha. Kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na la kwanza ni kufungua diski na kunakili mafaili muhimu kwenda nje. Baada ya hapo patisheni kuu huunganishwa kwenye /mnt, za /boot na /boot/efi, kama ni patisheni za peke yake, huunganishwa ndani yake, kisha folda za dev, proc, sys na run huletwa kwa "mount --rbind". Amri ya "chroot /mnt" humwingiza fundi ndani ya mfumo ulioharibika kana kwamba umewaka. Akiwa humo anaweza kufanya yote yaliyotajwa: kumalizia dpkg, kujenga initramfs, kusahihisha fstab. Kwa GRUB, kompyuta ya UEFI huhitaji "grub-install" pekee, na ya BIOS huhitaji "grub-install /dev/sda", ikitajwa diski nzima bila namba ya patisheni. Kuandika sda1 badala ya sda ni kosa linalorudiwa sana. Kisha "update-grub", "exit", na kuwasha upya.

Flashi hiyo itengenezwe kabla ya siku ya kupandisha toleo, kwa sababu faili la Ubuntu la kuiandaa linakula gigabaiti kadhaa za bando, na kompyuta iliyogoma haiwezi kulipakua. Siku hiyo pia iangaliwe nafasi ya /boot, chaji ijazwe, na nakala ya mafaili itoke nje ya kompyuta. Na fundi atakayeletewa kompyuta ya Linux isiyowaka aombe kwanza picha ya maandishi ya mwisho yaliyoonekana, na asikubali kuifuta diski kabla mwenyewe hajashika mafaili yake mkononi.